Saa ya Mpima Upepo

Mishi hakuwa na tabia ya kusoma mabango aliyoyabandika. Miaka sita alikuwa kwenye karakana ile ya Dubai Investments Park, akibandika picha na maneno juu ya mbao za maonyesho, na kama angesoma kila kitu angekuwa ameshapata wazimu: leo mafuta ya nywele, kesho maghorofa ambayo hata msingi wake haujachimbwa, keshokutwa maji ya chupa yanayosifiwa utadhani yanafufua wafu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha stika imelala sawa, haina hewa wala mkunjo, kisha ubao unapitishwa kwenye mashine na kufunikwa plastiki ngumu inayong'aa. Plastiki hiyo ikishashika haibanduki, labda uuvunje ubao wenyewe. Yaliyoandikwa humo yalikuwa shida ya mwenye kuyalipia.

Jumanne ile aliusoma ubao wa kumi na nne kwa sababu baba yake alikuwa amesimama katikati yake.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, nywele tele, shati jeupe la mikono mifupi, amefumba jicho moja na jingine amelibana kwenye darubini yenye miguu mitatu. Nyuma yake palikuwa na bahari, jukwaa la chuma, na roketi nyembamba iliyoinuliwa juu ya reli yake. Mishi hakuwahi kuiona picha hiyo, na wala hakumtambua baba yake kwa sura, maana yule anayemjua yeye ni mzee wa miaka themanini aliyepungukiwa na meno yote ya mbele. Alimtambua kwa saa. Aidarus huvaa saa kwa ndani ya mkono, kioo kikiwa juu ya mshipa, na ukimuuliza sababu anakuambia jua likipiga kioo huwezi kusoma. Picha ilikuwa imekuzwa hadi mita tatu, na hiyo saa ilikuwa kubwa kama sahani ya wali.

Chini ya picha palikuwa na maelezo kwa Kiarabu na Kiingereza. Mishi alisoma ya Kiingereza, akayarudia. Yalisema hivi: vyombo vya Profesa Yaarub vikiwa vimeshikiliwa na mpagazi wa kienyeji, 1972.

Mpagazi! Mishi aliweka chini kibao chake cha kusukumia hewa, akavua glavu, akaegemea meza. Masikio yalimwaka moto.

Hapa inafaa kueleza kidogo. Kuna nchi moja, ambayo haitatajwa jina kwa sababu ina ubalozi na mawakili, iliyotaka kurusha roketi angani kabla majirani zake hawajafikiria. Ilihitaji mahali karibu na ikweta penye bahari wazi upande wa mashariki, ikapata Ras Kidimu, kaskazini ya Malindi, ikasimamisha jukwaa la chuma majini. Wanasayansi wake wakaja na masanduku, na mkubwa wao alikuwa Profesa Yaarub. Watu wa Kidimu wakaajiriwa kubeba, kupika na kufua. Mmoja wao, aliyekuwa amemaliza sekondari na alama za hesabu zilizomtisha mwalimu wake, akafundishwa kupima upepo.

Na kupima upepo haikuwa kazi ya kushika fimbo na kutazama kitambaa kinapepea. Roketi za wakati ule hazikuwa na usukani. Ukishaiwasha imekwenda, na upepo unaipotosha. Kwa hiyo kabla ya kurusha, mtu huachia maputo, moja baada ya jingine, akayafuata kwa darubini, akaandika pembe kila dakika, akapiga hesabu kwa mkono, halafu akawaambia madaktari wa falsafa: geuzeni reli nyuzi mbili kusini, inueni moja. Akikosea, roketi inawaangukia watu majumbani mwao. Kwa miaka miwili mtu huyo alikuwa Aidarus, na hakuna nyumba iliyoangukiwa.

Ubao wa kumi na tano ndio uliommaliza Mishi. Ulikuwa na ukurasa wa daftari uliokuzwa, jedwali la pembe na kasi lililoandikwa kwa wino wa buluu, kwa mwandiko mwembamba ulioinama kushoto. Mwandiko huo Mishi aliujua tangu akifundishwa kuhesabu. Safu ya kwanza ilikuwa ya saa: 2:40, 2:55, 3:10. Na maelezo yake, kwa herufi za dhahabu, yalisimulia jinsi Profesa Yaarub, katika saa zile za usiku wa manane ambapo wenzake wote walikuwa wamelala, alivyosimama peke yake jukwaani akipima upepo ambao ungeipeleka mbinguni roketi ya kwanza ya taifa lake.

Mishi alicheka. Alicheka kwa sauti mpaka Isaiah, Mkenya mwenzake kutoka Kitale anayeendesha mashine ya plastiki, akaizima mashine kuja kuona kuna nini.

"Soma," Mishi alimwambia. "Soma hizo saa."

"Saa nane na dakika arobaini usiku," Isaiah alisema. "Prof alikuwa anatoa jasho kweli."

"Wewe ni Mswahili au mtalii? Huyo aliyeandika ni mtu wa pwani. Ameandika mbili na arobaini. Ni saa mbili na dakika arobaini, asubuhi, watu wameshakunywa chai! Hawa wameokota daftari la baba yangu, wakaisoma saa yake Kizungu, halafu wakamtungia Profesa usiku mzima ambao hakuwahi kukesha."

Isaiah aliutazama ubao, akautazama ule wa pili. Mishi akamvuta mpaka kwenye ule mkono wenye saa. Mishale ilionyesha tatu na dakika kumi, sawasawa na mstari wa mwisho wa jedwali, na jua la picha ile lilikuwa kali hata kivuli cha darubini kilionekana mguu kwa mguu juu ya chuma. Aidarus hakuwahi kuitegesha saa yake Kizungu. Mwaka juzi Mishi alimnunulia nyingine sokoni Naif, ya tarakimu, akairudisha na mtu akisema inadanganya.

"Yawa," Isaiah alisema polepole. "Huyu ni mzee wako?"

Walimwendea msimamizi. Lukman ni Mzanzibari aliyefika Dubai akiwa mtoto, mtu mpole, mwenye kisu cha kukatia stika mfukoni na hofu ya wateja moyoni. Alikuja, akatazama saa, akatazama jedwali, na kwa kuwa bibi yake naye alikuwa akiitegesha saa hivyo hivyo, hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Kweli tupu," alisema. "Lakini sisi kazi yetu kubandika, mwanangu, si kuandika. Mteja ndo kaandika."

"Na mteja akiandika kuwa wewe ni punda, utambandikia?"

"Nshabandika mabaya zaidi ya hayo." Lukman alifuta miwani. "Madam Rahaf anakuja kesho kukagua. Ni binti yake huyo huyo Profesa, na yeye ndo mwenye maonyesho. Zungumza naye, lakini kwa adabu. Visa yako yaisha mwezi ujao, na kafeel, mdhamini wako, hatokuuliza nani alikuwa na haki."

Wakati wa chakula Mishi alitoka nyuma ya karakana, akakaa kivulini kwa kontena, akampigia baba yake. Hakuwa na hamu ya kula. Alikuwa na habari iliyomwasha mdomoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema leo?"

Alimweleza yote kwa pumzi moja: roketi, darubini, mpagazi, Profesa anayekesha. Alitarajia baba atacheka, au atalia, au atamtukana mtu. Mzee alimwomba amsomee tena zile saa za jedwali.

"Hilo jedwali ni la ile roketi ya kwanza," Aidarus alisema. "Sijaliona tangu mwaka wa sabini na nne. Walilichukua daftari zima. Wameuweka na ukurasa wa mwisho?"

"Sijaona mwingine. Una nini ukurasa wa mwisho?"

Na hapo ndipo alipomwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mkewe, Mungu amrehemu, wala mtoto wake yeyote. Nyumbani walikua wakijua kwamba kazi ya Kidimu iliisha tu, kama kazi zinavyoisha, na baba akafungua kibanda cha kutengeneza saa pale sokoni. Watoto wa jirani walimwita Mzee Mwezini. Walimwuliza akipita, mwezini sukari bei gani? Mishi aliwahi kumpasua mtu mdomo kwa ajili hiyo, akiwa darasa la tano.

"Kila roketi, nilikuwa naandika uzito wake na kilichomo kichwani mwake," Aidarus alisema. "Lazima, maana uzito unaingia kwenye hesabu. Naandika: kichwani vyombo vya kupima joto. Kichwani kamera. Tarehe kumi na nne Machi, mwaka huo wa sabini na nne, ikaja moja na kichwa kimefungwa, na askari wanne. Nikamwuliza Profesa, kichwani nini? Akaniambia, andika uzito peke yake. Nikatazama reli. Mishi, roketi ya angani huinuliwa. Ile ilikuwa imelazwa. Ilikuwa inaelekezwa kwenda kupiga mahali, si kwenda juu. Tena kule baharini walikuwa wametega mashua kuukuu iwe shabaha."

"Kombora."

"Kombora. Profesa alikuwa mtu mwema kwangu, sitamsingizia. Alinifundisha kila kitu ninachokijua. Aliniambia, Aidarus, ni jaribio tu, nchi yangu ina maadui. Nikamwambia mimi sina maadui, nina maputo. Kesho utaishusha kwenye mji wa mtu na mimi nimekupimia upepo. Nikakunja darubini. Nikaandika saa, mbili na dakika hamsini, nikaandika: nimekataa. Nikatia sahihi. Siku hiyo hiyo nikashushwa kwenye boti na jina langu likafutwa kwenye kila karatasi."

Mishi alikuwa akifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alihisi fahari iliyochanganyika na hasira, hasira hata kwa huyo baba, kwa miaka yote ya Mzee Mwezini aliyoimeza kimya wakati alikuwa na jibu la kuwafunga watu midomo.

"Nitawaambia waliandike jina lako," alisema.

"Sikiza. Ukiniweka pale na wao, niweke na siku niliyokataa. Jina langu lisikae peke yake chini ya roketi zao, watu wakadhani nilikwenda nao mpaka mwisho. Kama hawataki hivyo, niache mpagazi. Mpagazi hajaua mtu."

Jumatano asubuhi madam Rahaf alifika na gari jeusi na wasaidizi wawili. Alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini, abaya ya hariri, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alipita ubao hadi ubao akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mbele ya ubao wa ishirini na mbili alisimama muda mrefu. Huo ulikuwa na picha za makombora, makubwa, yamepangwa foleni kwenye gwaride, na kichwa cha habari kilichosema kwamba roketi za Kidimu ndizo zilizozaa ngao ya taifa. Hawakuficha kitu. Walikuwa wanajivunia.

Mishi alisubiri amalize, akasogea, akasema kwa adabu kama alivyofundishwa. "Madam, samahani. Ubao wa kumi na tano una kosa."

"Kosa la herufi?"

"Kosa la mtu."

Akaeleza. Alieleza vizuri, bila kupandisha sauti, saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu, picha na jedwali. Madam Rahaf alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama anavyosikilizwa mtoto anayesimulia ndoto yake.

"Ni hadithi nzuri," alisema kwa Kiingereza. "Niandikie barua pepe baada ya maonyesho. Kila kitu kimeshaidhinishwa, wageni wanafika kesho, mabalozi, wenzake baba waliobaki hai. Siwezi kubadilisha historia ya nchi kwa sababu ya saa ya mkononi."

"Si historia ya nchi peke yake, madam. Ni mwandiko wa baba yangu."

"Na ni daftari la baba yangu," alisema madam Rahaf. "Yalla, Lukman, nataka zote ziwe zimefunikwa leo jioni."

Akaenda zake. Manukato yake yakabaki karakanani yakishindana na harufu ya gundi.

Mishi alisimama pale pale. Angeweza kuandika hiyo barua pepe. Angejibiwa baada ya mwezi, na mtu asiyejulikana, kwa maneno matamu. Na huko nyuma mbao hizi zingezunguka miji mitano, na picha zake zingeingia vitabuni, na Profesa angekesha usiku ule milele. Alijua pia upande wa pili. Alikuwa na watoto wawili shuleni Malindi, na visa ya mwezi mmoja.

Saa nane mchana aliketi kwenye kompyuta ya kukatia herufi. Aliandika mistari miwili, kwa Kiswahili kwanza, kisha Kiingereza, akachagua dhahabu ile ile waliyoitumia wao. Mashine ikakata. Alizing'oa herufi kwa ncha ya sindano, moja moja, akabandika karatasi tupu ya rangi ya ubao juu ya maelezo ya usiku wa manane, na juu yake akalaza maneno yake. Akatia kibao, akasukuma hewa kutoka katikati kwenda kando, kwa utaratibu, bila haraka. Hajawahi kubandika kitu kikalala vizuri namna ile.

Kisha akaubeba ubao kwa Isaiah.

Isaiah alisoma, midomo ikicheza. Alitazama mlango wa ofisi ya Lukman. "Mishi, hii ikipita hapa ndani, khalas. Hakuna kubandua."

"Ndiyo maana nimekuletea kabla, si baada."

"Watakufuta kazi. Na mimi pia wataniuliza."

"Waambie hujui kusoma Kiswahili. Wewe mtu wa Kitale, wataamini."

Isaiah alicheka bila kupenda. Alijikuna shingo, akatazama tena ile picha ya kijana aliyefumba jicho, kisha akawasha mashine. Ubao ukaingia polepole upande mmoja, ukatokea upande wa pili unang'aa kama kioo.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa ghorofa ya kwanza ya hoteli moja ya Dubai Marina, na kutoka dirishani uliona boti za matajiri zimejipanga. Alhamisi tangu asubuhi Mishi, Isaiah na Lukman walikuwa wakifunga mbao ukutani. Ule wa kumi na nne na ule wa kumi na tano zilikuwa mlangoni kabisa, mtu akiingia tu anakutana nazo. Lukman aliufunga ule wa kumi na tano kwa mikono yake mwenyewe. Miwani yake ilikuwa juu ya paji la uso wakati huo, na Mishi hadi leo hajui kama hakusoma au alisoma.

Madam Rahaf alifika saa kumi kasoro dakika tano, wageni wakiwa bado saa mbili kufika. Alipita mlangoni, akaenda hatua tano, akasimama, akarudi.

Ubao ulisema: Upepo huu ulipimwa na Aidarus wa Ras Kidimu, saa 2:40 hadi 3:10 asubuhi, kwa saa ya Kiswahili. Tarehe 14 Machi 1974, saa 2:50, aliletewa kombora, akakataa kulipimia.

"Nani amefanya hivi?"

Mishi alishuka ngazi, akaweka bisibisi chini.

"Mimi, madam."

"Toa."

"Sitatoa."

Msaidizi mmoja alivuta pumzi. Madam Rahaf alimgeukia Lukman, na Lukman akatoa kisu chake, akakipitisha kwenye ukingo wa ubao, akagonga plastiki kwa kucha. "Madam, imeshafunikwa," alisema kwa upole uleule. "Ukiondoa haya maneno, waondoa na jedwali. Ubao wote waenda. Kutengeneza mwengine ni kesho."

"Basi funikeni kwa kitambaa!"

"Funikeni," Mishi alisema, na sasa sauti ilipanda, wala hakuizuia. "Wageni wataingia wataona ukuta wenye picha mia moja na kitambaa kimoja. Kila mtu atauliza kuna nini nyuma yake, na mimi nitakuwa pale chini barabarani, madam, nawaeleza wakitoka. Sikuomba pesa. Sikumtukana marehemu baba yako. Yeye ndiye aliyemfundisha wangu, na wangu mwenyewe anasema alikuwa mtu mwema. Lakini ule usiku hakukesha. Njoo utazame."

Alimwonyesha ule mkono wa ubao wa kumi na nne. Pengine ni ile "njoo" iliyomfanya yule mama asogee. Hakuna aliyemwambia njoo kwa miaka mingi. Alisogea. Akaitazama saa kubwa kama sahani, mishale yake, kisha jua lililomwagika juu ya chuma, kisha mstari wa mwisho wa jedwali. Midomo yake ilihesabu. Alihesabu mbele, akahesabu nyuma, akagusa ile mishale kwa kidole chenye pete.

"Baba yangu," alisema, na hakuwa akimwambia mtu yeyote, "hakuwahi hata siku moja kuamka kabla ya kuletewa kahawa. Mama alikuwa akimcheka kwa hilo."

Isaiah alijifanya anakaza skrubu iliyokwisha kukazwa.

"Huo mstari wa pili," madam Rahaf alisema. "Wa kukataa. Una ushahidi?"

"Uko kwenye daftari lako, ukurasa wa mwisho. Utaona saa na sahihi. Kama haupo, basi kuna mtu aliuchana, na wewe unajua daftari limekaa nyumba ya nani."

Uso wa yule mama ulibadilika rangi. Mishi aliona, na akajua, kwamba ukurasa upo, na kwamba umeshasomwa, labda bila kueleweka, labda umeeleweka vizuri sana. Hakumwonea huruma wakati ule. Baadaye kidogo, lakini si wakati ule.

"Wewe kazi huna," madam Rahaf alisema. "Nitampigia arbab, bosi wako, sasa hivi. Toka."

"Na ubao?"

Madam Rahaf aligeuka, akaenda mpaka mwisho wa ukumbi, akasimama mbele ya makombora ya gwaride, akawapa wote mgongo. Wasaidizi walimtazama, wakimngojea aseme kitambaa. Hakusema. Mishi alivua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya ngazi, akatoka.

Alikaa kwenye ukuta mfupi kando ya maji. Simu ya ofisi ilishaingia na maneno machache: kesho asije kufanya kazi, ila aje kuchukua vitu vyake. Alifikiria karo, alifikiria tiketi, na akaogopa kama mtu yeyote mwenye akili anavyoogopa. Lakini kila alipojiuliza kama angeufuta ule mstari, jibu lilikuja kabla swali halijaisha.

Jua lilikuwa linazama Isaiah alipomtumia video. Wageni wameingia. Wazee watano waliobaki wa Kidimu, wenzake Profesa, suti nyeusi, nishani kifuani, walikuwa wanapitishwa kwenye maonyesho, na aliyetangulia, aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, alimwashiria msukumaji asimame mlangoni. Hapakuwa na kitambaa. Mzee aliusoma ubao wa kumi na tano, akageuka kwa mwenzake, akasema kitu kwa lugha yao ambacho Mishi hakukielewa, isipokuwa neno moja lililosemwa mara mbili, Aidarus, Aidarus. Kisha akanyoosha mkono na kuonyesha mahali alipovaa saa yule kijana, kwa ndani, juu ya mshipa, na wote wawili wakacheka kama watu waliokumbuka mzaha wa zamani. Walipofika mstari wa pili waliacha kucheka. Mmoja alivua miwani na kuipangusa, na akakaa akiipangusa mpaka video ikaisha.

Mishi alimpigia baba yake.

"Jina lako liko ukutani, baba. Na siku uliyokataa. Na saa."

"Saa wameandika vipi?" Mzee alikuwa mkali. "Wasije wakanigeuza tena."

"Nimeandika mimi. Mbili na arobaini mpaka tatu na kumi, asubuhi."

"Sawa. Na kukataa?"

"Mbili na hamsini."

"Sawa," alisema Aidarus, na Mishi akasikia jinsi alivyoshusha pumzi, pumzi ndefu ya miaka hamsini. "Na wao wamekupa nini?"

"Wamenifukuza kazi." Alihamishia simu sikio la pili. "Aliniambia nitoe, baba. Nikamwambia sitatoa."

Mishi aliwasikia kuku wa nyumbani, na redio ya jirani, na kiti cha baba kikilia alipoinuka kutafuta kitu, kalamu pengine, au miwani.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Ulipomwambia hutoi. Ilikuwa saa ngapi?"

Mishi aliitazama simu, akarudi nyuma kwa hesabu mpaka kwenye ngazi, bisibisi, uso wa yule mama. Dakika tano baada ya madam kuingia mlangoni.

"Saa kumi kamili," alisema. "Jioni."

"Iandike," baba yake alisema. "Tia na sahihi."